Nimejifungua salama, presha imetoka wapi?

Shikamoo Bi Mkunga,

Ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 26, na leo ni siku ya 17 tangu nijifungue kifungua mimba wangu, mtoto wa kiume. Naandika mtoto akiwa kifuani na simu mkono mmoja, kwa hiyo unisamehe nikirukaruka.

Mimba yote sikuugua. Kadi ya kliniki ninayo hapa mbele yangu: 110/70, 112/74, 108/68, mahudhurio yote hivyohivyo. Mwezi wa mwisho tu ndipo miguu ilipovimba hadi kandambili zikakataa kuingia, nikaambiwa ni kawaida ya mimba kubwa. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, alfajiri, na kesho yake saa tano nilikuwa kwenye bajaji narudi nyumbani kwa mama mkwe, maana ilipangwa arobaini yangu niikae kwake.

Siku ya tano niliamka kichwa kinagonga. Si kile cha kukosa usingizi, hicho nakijua. Hiki kilianzia kisogoni kikaja kukaa nyuma ya macho. Uso ulikuwa umevimba, wifi yangu akanitania kwamba supu imeanza kunikubali. Mama mkwe akasema ni uchovu, na damu ya uzazi inatafuta njia, akachemsha maji akanikanda. Wifi akaenda duka la dawa akaleta panadol na diklofenaki. Jioni, nikiwa nanyonyesha, nikaanza kuona vimulimuli. Umeme upo, taa inawaka, lakini vimulimuli vinapita pembeni ya jicho kama vile niko shamba Muheza usiku wa masika. Kisha yakaja maumivu hapa chini ya chembe cha moyo, nikatapika uji wote.

Mume wangu aliporudi kazini hakumuuliza mtu. Aliita bajaji, akanipakia na mtoto wetu na kanga mbili. Hospitali, muuguzi aliponipima alifungua mkanda akaufunga upya, akadhani mashine imekosea. 178/116. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: sindano ya mshipani, sindano mbili za matakoni ambazo Bi Mkunga sikufichi, uchungu wa kuzaa niliuvumilia kuliko zile, na mpira wa mkojo. Kitanda cha pili yangu aliletwa mzazi mwenzangu anatupa mikono na miguu, povu mdomoni, na ndugu zake wanabishana mlangoni kama ni majini au siyo. Nililala pale siku nne.

Nilitoka na vidonge vya nifedipini, kimoja asubuhi na kimoja usiku, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Mama mkwe anasema dawa za presha ni za wazee, na katika ukoo wao hakuna mzazi aliyewahi kuzinywa. Mtoto analala sana na ametoka harara shingoni, naye anasema ni vidonge hivyo vimeingia kwenye maziwa. Hanisemi kwa ukali. Anasema huku akimwogesha mtoto, pole pole, na ndiyo inayoniuma. Mume wangu mama yake akizungumza, yeye hutazama sakafu. Kuna mzee jirani ana mashine yake ya presha, nikaenda kupimwa, ikasoma 134/86. Nikajiambia basi, nimepona.

Sasa Bi Mkunga, hili hajui mtu. Nina siku tatu sinywi. Mume wangu huniletea kidonge na maji, nakiweka chini ya ulimi, akigeuka nakitoa nakifunga kwenye pindo la kanga. Pindoni viko sita. Siku ya kurudi hospitali ilikuwa jana, sikwenda. Na jana hiyohiyo usiku kichwa kimerudi, kidogo tu.

Nataka kujua: presha hii imetoka wapi wakati mimba sikuwa nayo na mtoto kashatoka? Ni kweli maziwa yangu yana dawa? Nimekuwa mgonjwa wa maisha? Na nitaweza kuzaa tena? Namba yangu naiweka hapo chini, usiichapishe.

Wako,
Mzazi, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Wasomaji wengine wajue kwanza kilichotokea, maana barua hii si ya kujibiwa gazetini. Niliisoma saa mbili asubuhi, nikafika kwenye lile neno “kidogo tu”, nikaacha chai nikapiga simu. Nilikuuliza kama unaona vimulimuli. Ukasema hapana, ila leo herufi za simu zinacheza. Nikaomba niongee na mumeo, ukanyamaza kidogo, kisha nikasikia unamwambia habari za pindo la kanga. Saa moja baadaye mlikuwa hospitali, presha 164/110 na protini kwenye mkojo. Umelazwa tena siku mbili, nifedipini imerudi, na umeongezewa enalaprili, dawa nyingine ya presha. Leo uko nyumbani na umeniruhusu niichapishe barua baada ya kubadilisha mambo mawili matatu yasikutambulishe.

Kwa hiyo kabla ya lolote: wewe unayesoma hapa, kama umejifungua ndani ya wiki sita zilizopita na una kichwa kisichosikia parasetamo, au macho yanaona ukungu au vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe, au unahema ukilala chali, au uso na mikono vimevimba ghafla, acha kusoma uende ukapimwe. Usiniandikie mimi. Kwa Tanzania, 115 ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Ukifika usiseme tu “naumwa kichwa”. Sema, “Nimejifungua siku kadhaa zilizopita na naumwa kichwa.” Sentensi hiyo inabadilisha foleni.

Sasa turudi kwako. Umeuliza presha imetoka wapi, na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nadhani ukielewa hili hutafunga tena kidonge pindoni.

Tumezoea kuambiana kwamba dawa ya kifafa cha mimba, na ya presha kama hii yako inayokitangulia, ni kuzaa. Mimi mwenyewe nimewaambia hivyo wanawake wengi katika miaka yangu ya wodini, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha ikiwa haikutanuka vizuri mwanzoni mwa mimba, kondo huachia kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza ngozi ya ndani ya mishipa mwili mzima. Mishipa inabana, presha inapanda. Figo zinavuja protini. Ini linavimba, na hayo ndiyo maumivu yako ya chembe, halikuwa tumbo. Ubongo nao unapata msukosuko, na vile vimulimuli vyako ni ubongo unalalamika. Ukizidiwa ndipo mtu anapodondoka na kutupa mikono na miguu.

Kondo likitoka, chanzo kimetoka. Lakini mishipa iliyoumia haiponi siku hiyo hiyo. Na kuna jambo la pili. Yale maji yaliyokuwa yamejaa miguuni hadi kandambili zikakataa hayapotei hewani. Baada ya kuzaa yanarudi kwenye mishipa ili figo ziyatoe, ndiyo maana mzazi anakojoa sana siku zile. Kwa hiyo hata mwanamke mzima kabisa presha yake hupanda kidogo baada ya kujifungua, na kilele chake ni kati ya siku ya 3 na ya 6. Kwa mwenye mishipa iliyoumia, kilele hicho ndicho kinachomwangusha. Na wako wengi kama wewe, kadi ya mimba imejaa 110/70, tatizo likajitokeza mtoto akiwa keshatoka. Mara nyingi huwa ndani ya siku chache, lakini linaweza kuchelewa hadi wiki ya sita.

Tazama basi hesabu ilivyokaa vibaya. Unatoka kituoni baada ya siku moja. Presha inakwenda kileleni siku ya tatu, ya nne, ya tano. Uko wapi siku hizo? Uko chumbani kwa mkweo, unakandwa, watu wanakuja kumtazama mtoto. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2022 linataka mzazi abaki kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Ile ya saa 48 hadi 72 hurukwa mara nyingi, na huenda ndiyo ingekukamata wewe kabla ya vimulimuli.

Kuna mzazi mmoja sijamsahau. Aliletwa siku ya nane amekwisha kudondoka mara tatu njiani, na alikuwa amezungushwa siku mbili kwa waganga. Tulipokuwa tunatafuta taarifa zake nikaikuta kadi ya mtoto kwenye mkoba. Ilikuwa imejazwa vizuri, mwandiko safi: uzito, kitovu, chanjo ya BCG. Siku ya tatu walikuwa wamempeleka mtoto kituoni, na mama ndiye aliyembeba. Hakuna aliyemfunga mkanda. Alikaa pale kwenye benchi na ugonjwa wake, akarudi nao nyumbani. Hatukufanikiwa. Kituo sikitaji, na sidhani kilikuwa peke yake.

Zile sindano za matakoni unazozilaani ni magnesiamu salfeti. Haishushi presha, kazi yake ni kuulinda ubongo usidondoke kwenye kifafa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Inauma, kweli. Nimezichoma nyingi na nimetukanwa kwa Kisambaa, Kidigo na Kibondei. Huyo mwenzako wa kitanda cha pili alipewa hiyohiyo. Ndugu zake waliokuwa mlangoni na habari za majini siwacheki, mimi ni mtu wa pwani na najua imani za watu. Ninachoomba ni kwamba kisomo kisomwe wodini, dripu ikiwa inaenda.

Maziwa. Hapa mkweo ana wasiwasi wa haki, kwa sababu dawa nyingi kweli hupita kwenye maziwa, na mwanamke anayenyonyesha hapaswi kumeza chochote bila kuuliza. Lakini nifedipini inapita kwa kiasi kidogo sana, na inatumiwa na wazazi wanaonyonyesha duniani kote. Enalaprili hali kadhalika, mtoto akiwa amezaliwa mimba imetimiza miezi yake, kama wako. Mtoto wa wiki mbili kulala saa 16 kwa siku ni kazi yake. La kuangalia ni hili: akiamka ananyonya kwa nguvu? Anakojoa nepi sita au zaidi kwa siku? Uliniambia anakojoa hadi kanga haziishi kufuliwa. Basi. Harara ya shingoni ni joto la Tanga na kofia ya sufu ambayo, nisamehe mama mkwe, mtoto hahitaji saa nane mchana.

Kilichokuwa na walakini mle chumbani ni ile diklofenaki. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuipandisha presha zaidi na kuzielemea figo. Parasetamo ingetosha. Hata dawa za mafua za kuzibua pua usinunue bila kusema una presha. Muuza dawa hana kosa asipoambiwa.

Ile 134/86 ya jirani haikuwa kupona. Ilikuwa ni kidonge kinafanya kazi. Ni kama mtu aliyeshikilia mlango dhidi ya upepo, akaona mlango umetulia, akauachia. Na hata namna ya kupimwa niliiuliza: ulipimwa umesimama kwenye baraza yake, mkono juu ya dera, mtoto anakulilia begani. Pima hivi. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini, usiikunje. Pandisha mkono wa dera, mkanda uguse ngozi, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Usinyonyeshe wakati huo, usizungumze. Asubuhi na jioni, na uandike daftarini pamoja na saa. Mashine iwe ya kufunga juu ya kiwiko, zile za kwenye kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi. Siku ya kliniki chukua na mashine ya mzee mkailinganishe na ya kwao.

Ukikuta 150/100 nenda kituoni siku hiyohiyo. Ukikuta namba ya juu ni 160 au zaidi, au ya chini ni 110 au zaidi, yoyote kati ya hizo mbili, ni dharura hata kama unajisikia vizuri na umevaa kwenda harusini. Na dalili zikija huku mashine inasema 138/88, amini dalili.

Kuhusu mama mkwe. Kwa simu ulitaka nikwambie umjibu nini, na ukweli ni kwamba sitaki umjibu. Ameacha shughuli zake siku 17, anachemsha maji saa kumi na moja alfajiri, anakuogeshea mtoto. Katika maisha yake dawa za presha ameziona kwa wazee tu, na huenda ameona waliozianza wakafa, akaunganisha. Hajaona mzazi aliyeokolewa nazo, kwa sababu wanaookoka hawatangazi. Kosa la nyumba ile si lake peke yake. Wewe ulificha, na mumeo alitazama sakafu.

Kwa hiyo nimemwambia mumeo, na naliandika hapa asipate pa kukimbilia: safari ijayo ya kliniki amchukue mama yake mkaenda wote watatu. Muuguzi amweleze mbele ya mkanda. Neno la mkwe halishindwi na neno la mke, hilo mnalijua, lakini linasikiliza neno la sare nyeupe. Na mkirudi, kidonge cha asubuhi awe anakuletea yeye, na uji. Mtu aliyepewa dawa aitunze haisemi vibaya.

Uji wenyewe unywe. Pilipili manga haipandishi presha, wala mchuzi wa pweza, ilimradi chumvi iwe ya kawaida na wewe usiongeze mezani. Yule jirani uliyeniambia kwa simu kwamba anataka ukate chumvi kabisa amezidisha, na anayekushauri utafune vitunguu saumu badala ya vidonge usimsikilize. Kukandwa sikukatazi, lakini maji yasiwe ya kubabua: joto linatanua mishipa, na kidonge nacho kinatanua, ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu. Kaa kwanza, ndipo usimame.

Ugonjwa wa maisha? Kwa wanawake wengi presha ya namna hii inarudi chini kati ya wiki ya 6 na ya 12, na vidonge vinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Si na wewe, wala mzee jirani. Ikibaki juu baada ya wiki 12, hapo itaitwa presha ya kudumu na itatibiwa hivyo. Ila lipo jambo moja ambalo wodini tulikuwa hatuwaambii wazazi, na tulikosea: mwanamke aliyepitia hili ana uwezekano wa kama mara mbili wa kuja kupata maradhi ya moyo au kiharusi huko mbele kuliko ambaye hakupitia. Kwa hiyo hata ukipona, pima presha kila mwaka, hata ukiwa na miaka 35 na unajiona kijana.

Kuzaa tena, ndiyo, utazaa. Linaweza kujirudia, lakini halijirudii kwa kila mtu. Jipe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Na hapa enalaprili ina sharti lake: haitakiwi kabisa kwenye mimba, kwa hiyo uzazi wa mpango usiusubirie arobaini iishe. Vijiti au kitanzi vinakufaa, presha haiviogopi. Vidonge vya majira vile vya mchanganyiko havikufai, kwa presha na kwa kunyonyesha. Sindano ya miezi mitatu uliza kwanza presha ikoje. Siku utakayoshika mimba nyingine usisubiri tumbo lionekane, nenda mapema useme yote, kwa sababu kuna aspirini ya kipimo kidogo ambayo wenye historia yako huanzishiwa tangu wiki ya 12 au karibu na hapo, na madini ya kalsiamu kwa wasioyapata ya kutosha kwenye chakula. Usijianzishie mwenyewe.

Umeniuliza kwa simu, si kwenye barua, kama vile vidonge sita vya pindoni unaweza kuvinywa visipotee. Hapana. Vimelowa maziwa na mate na jasho, vitupe.

Siku ya 42 utakwenda kliniki na kadi ya mtoto na lile daftari. Watampima yeye uzito, watamchanja, watakusifu kwa mashavu yake. Wakisema basi mmemaliza, usiinuke kwenye benchi. Waoneshe mkono wako, wafunge mkanda, na uombe kikopo cha mkojo.

Bi Mkunga